Baiskeli Iliyotiwa Sifa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa gurudumu la nyuma lililopinda, kigoda cha kukalia, na amri ya kufumba macho. Msimamizi wa Karakana alisimama nyuma yangu. Alikuwa mzee mfupi mwenye masikio makubwa, aliyestaafu kazi ya reli akarudi kwao Msambweni kusimamia baiskeli za idara ya afya. Akasema, "Piga spoki moja moja kwa ukucha, Salimu. Nambie ipi inasema uongo."

"Shikamoo, bwana," nikasema, maana kwa woga nilikuwa sijamwamkia.

"Marahaba. Sasa piga."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mke ninaye nyumbani, nami nimekaa nimefumba macho napapasa vyuma. Wenzangu wawili karakanani walicheka mpaka wakashika mbavu. Gurudumu la nyuma la baiskeli za wakati ule lilikuwa na spoki arobaini, la mbele thelathini na mbili, na kila moja ilitakiwa kulia kama jirani yake. Iliyolegea sauti yake ilikuwa nzito na fupi. Siku ile nilizitaja sita. Zilikuwa tisa.

"Ulikuwa ukifanya kazi gani kabla ya hapa?" akaniuliza.

"Kalafati, bwana. Kwa mjomba wangu, Mkwiro."

"Kalafati! Kwa hiyo umekuja kuziba baiskeli zangu pamba?"

Kwa ninyi msiojua, kalafati ni yule anayeziba nafasi baina ya mbao za chombo kwa pamba iliyolowekwa mafuta, maji yasiingie. Ikisha huja sifa. Hapa msidhani nasema habari za kusifiwa. Sifa ni mafuta yanayopikwa kwa maini ya papa, mazito, mekundu, na harufu yake haina mfano. Chombo hupakwa sifa ubavuni kisha kikaachwa juani, nayo ikikauka hufanya ngozi ngumu ambayo chumvi haiipenyi. Hiyo ndiyo elimu niliyokuja nayo, na kwa miezi miwili mitatu ya kwanza nilidhani haina kazi.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu bendera yetu ipandishwe. Idara ilitaka dresa, yaani wale wafunga vidonda na watoa dawa, wafike kila kijiji badala ya kungoja wagonjwa wabebwe kwenda kwao. Magari yalikuwa machache na barabara ndizo hizo mnazozijua, ila mbovu zaidi: changarawe nyekundu, na juu yake vituta vidogo vidogo vilivyopangana kama ubao wa kufulia nguo. Kwa hiyo tuliletewa baiskeli kuukuu kutoka kila pembe ya wilaya. Nyingine zilikuwa za matarishi wa serikali iliyoondoka, nyingine za mabwana shamba, nyingine hata mwenyewe hajulikani. Zilikuwa nyeusi, nzito, breki zake za vyuma virefu badala ya waya, na kutu imezila. Kazi yetu ilikuwa kuchukua tatu zilizokufa na kutoa moja iliyo hai, itakayohimili njia ya Kikoneni.

Nitawaeleza kidogo tulivyofanya, maana ninyi siku hizi kitu kikivunjika mnanunua kingine. Tulianza na magurudumu. Pale spoki mbili zinapopishana, tulizifunga kwa waya mwembamba tukazilehemu kwa risasi, moja ikichoka mwenzake aishikilie. Ndani ya tairi tulivisha tairi la pili lililokatwa kingo zake, mwiba wa mgunga upate kazi mbili kabla ya kufikia tyubu. Uma wa mbele, ule mkono unaoshika gurudumu, tuliuongezea vyuma viwili vya kuuegemeza. Gololi tulizichagua moja moja kiganjani, tukazipanga ndani ya grisi. Madigadi tuliyainua, tope la mto Ramisi lisije likajaa chini yake gurudumu likakwama. Baiskeli ikitoka pale, Msimamizi huipandisha mpaka kifuani na kuiachia chini. Ikilia kitu chochote, unaifungua upya. Hana maneno mengi, anakwenda zake kunywa kahawa.

Pamoja na yote hayo, fremu zilikuwa zikivunjika. Baiskeli inakwenda miezi minne vizuri, siku moja inakatika pale chini penye pedali, kwa ghafla, dresa anajikuta amekaa barabarani na chupa zake za dawa. Tukawalaumu madresa kwamba wanapakia magunia ya mihogo. Mimi siku moja, kwa udadisi tu, nikaichukua fremu iliyokatika nikaipasua kwa msumeno kwa urefu. Lo! Nje rangi inang'aa, ndani kutu imeshakula chuma mpaka kimebaki kama ganda la yai. Chumvi yetu ya pwani ilikuwa ikiingia kwa juu, palipo na nguzo ya kiti, inakaa ndani inafanya kazi yake kimya.

Nikakimbia kwa Msimamizi. "Bwana, tuzitie sifa kwa ndani."

Alikunja pua. Akasema, "Zitanuka."

"Zitanuka mwezi, bwana. Zikikauka basi."

"Tia kwenye moja tuione."

Nikaitia. Nikamimina kikombe cha sifa kwa juu, nikaizungusha fremu huku na huku ipate kuenea kila bomba, nikamwaga iliyozidi, nikaitundika juani matundu yote yakiwa wazi. Mvua za masika zilipokuja nikaihamishia ukumbini penye upepo. Baada ya miezi miwili ilikuwa imekauka kabisa, ukiiweka puani husikii kitu. Tulizitia fremu zote zilizofuata, na kwa kila iliyokuwa tayari nilifunga kipande cha kadi kwenye usukani, nimeandika: IMETIWA SIFA.

Hapo ndipo nilipoingia matatani na Afisa wa Afya. Alikuwa kijana mrefu kutoka bara, msomi, mchapa kazi, shati lake limepigwa pasi utadhani linaweza kusimama lenyewe. Alikuja kukagua, akasoma kadi ya kwanza, akasoma ya pili, akasoma ya tatu. Uso ukabadilika.

"Fundi nani ameandika haya?"

"Mimi, bwana."

"Nani amekuambia ujisifu? Kazi ni mimi nitasema kama ni nzuri ama ni mbaya."

"Sijisifu, bwana. Nimeitia sifa."

"Si ni hiyo hiyo!"

"Siyo hiyo, bwana. Ni sifa ya papa."

"Papa amesifu baiskeli?"

Wallahi, Msimamizi alijificha nyuma ya fuawe, mabega yakimtikisika. Ilibidi nikalete kopo lenyewe, Bwana Afisa akalinusa, akarudi nyuma hatua tatu. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Tangu siku hiyo aliniita Bwana Sifa, na sikupata kujua kama ni kwa mzaha au kwa hasira.

Sasa nije kwa Bi Mkunga, maana ndiye hasa ninayetaka kuwasimulia. Jina lake Mwanakombo, mzaliwa wa Kikoneni, mume wake mkulima wa machungwa. Alisomea ukunga, akarudishwa kwenye zahanati ya kwao, na sote tulimwita kwa kazi yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache ila kila moja lina uzito. Siku moja alikuja karakanani kwa lori la dawa, akapiga hodi, akasimama mlangoni na leso yake kichwani.

"Fundi, nataka baiskeli."

"Ya mume wako, dada?"

"Yangu mimi."

Wenzangu wakaacha kugonga. Wakati ule mwanamke juu ya baiskeli huku kwetu ilikuwa habari ya kuzungumzwa wiki nzima. Akatueleza. Alipangiwa vijiji vinane, cha mbali kikiwa maili kumi. Akienda kwa miguu hufika mtoto ameshazaliwa, au ameshakufa, au mama yake amekufa pamoja naye. Bwana Afisa naye alikuwa amemwambia wazi: mkunga anayekaa zahanati kungoja watu hana faida Kikoneni, bora ahamishiwe hospitali moja huko bara ambako wakunga hawatoshi. Chumba cha uzazi kingefungwa.

"Dada yangu alifia njiani akiletwa huku," akasema. "Juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wamembeba, jua la saa saba. Mimi nilikuwa nashika mwavuli. Nilikwenda kusomea kazi hii kwa sababu hiyo, nikarudi kwa sababu hiyo. Nikihamishwa, nimesomea nini?"

Hakulia. Mimi ndiye niliyegeuka nikajifanya natafuta spana.

Msimamizi mwenyewe alikwenda kumwombea. Bwana Afisa hakuwa mtu mbaya, niseme haki yake, lakini alikuwa na vijiji vingi na watu wachache. Akatoa jibu mbele yetu sote. "Nampa hadi mwisho wa mwezi ujao. Nitakuja Kikoneni mwenyewe, niite baraza, niulize watu kama mkunga anawafikia. Wakisema ndiyo, anakaa. Wakisema hapana, anahama, na hiyo baiskeli inarudi."

Nikaomba niitengeneze mimi. Nilichagua baiskeli ya kike, ile isiyo na bomba la juu, apate kupanda na leso zake bila kuinua mguu. Ubaya wake fremu hiyo ni dhaifu, hujipinda njia ikiwa mbaya, kwa hiyo niliiongezea bomba la pili chini, sambamba na la kwanza, Msimamizi akalichoma kwa shaba. Nikamtumia mjomba salamu Mkwiro, akaniletea uzi wa nyavu, nikafuma wavu pande zote mbili za gurudumu la nyuma, kutoka kwenye madigadi mpaka kwenye ekseli, leso isije ikanaswa. Kiti nilikitia springi mpya. Nyuma nikaweka sanduku la mbao lenye pamba ndani kwa ajili ya chupa na mikasi. Katika maisha yangu sijapata kutengeneza kitu kwa moyo kama ule.

Na moyo huo ndio ulioniponza. Zilikuwa zimebaki siku tano lori liende Kikoneni. Fremu haikuwa imetiwa sifa. Akili ilinambia iache, siku tano hazitoshi. Moyo ukanambia, Salimu, ikimkatikia njiani je? Nikatia sifa. Tena sikutia kikombe kimoja kama kawaida, nilitia viwili. Kisha kwa kuogopa isivuje katika lori, nikaziba kila tundu kwa nta. Mjomba angeniona angenipiga kofi. Kalafati mzima, niliyekulia kwenye sifa, nikasahau kwamba chombo hupakwa nje kikapigwa na jua na upepo, nami nimeipaka ndani nikafunga mlango.

Siku ya kumi na mbili tangu lori limpelekee, Bi Mkunga alirudi karakanani. Hakupiga hodi. Alikuja akiendesha mwenyewe kutoka Kikoneni, vumbi mpaka kope, akaiegemeza baiskeli ukutani, na kabla hajafungua kinywa tulikwishajua kilichotokea, maana harufu ilimtangulia mlangoni.

"Salimu!"

"Labeka, dada."

"Kadi yako imesema imetiwa sifa?"

"Ndiyo, dada, baiskeli ndiyo iliyotiwa."

"Basi nimezipata mimi. Nina sifa Kikoneni nzima! Unajua wananiitaje? Bi Papa! Mkunga wa serikali, niliyevaa nguo nyeupe, naitwa Bi Papa!"

Jua lilikuwa limeichemsha sifa ndani ya bomba, nta ikayeyuka, mafuta yakashuka mpaka kwenye pedali na kumchuruzikia viatu na leso. Kila boma alilopita mbwa walimfuata. Mama wajawazito, mnajua hali zao, harufu ya samaki tu inawageuza tumbo, sembuse maini ya papa ya wiki mbili. Watatu walitapika alipoingia nyumbani. Boma la nne, katika kijiji cha Mrima, bibi mmoja mwenye mkazamwana mjamzito alimsimamisha uani. Akamwuliza, "Wewe ni mkunga au umekuja kuuza samaki wa ng'onda?" Akamfungia mlango, akasema mkazamwana wake atamzalisha mwenyewe kama alivyojizalisha yeye.

"Baiskeli yenyewe inakwendaje?" Msimamizi akauliza taratibu.

Bi Mkunga akaitazama pale ukutani. "Inakwenda kama upepo," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Ndiyo inayoniuma. Nafika. Kila mahali nafika. Nikifika, nafukuzwa."

Jamani, aibu niliyoiona siku ile sijaiona tena. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanamke ameniaminia kazi yake, nami nimempa kitu cha kumfukuzisha kwa watu. Nikamwomba radhi mbele ya wenzangu wote, nikiwa nimesimama, mikono nyuma kama mtoto wa chuo cha Kurani. Alinitazama, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Radhi umepata. Sasa toa harufu."

Msimamizi alitaka tuipitishe motoni. Nikakataa, moto ungeyeyusha shaba ya maungio, baiskeli ingekuwa mabomba matupu. Sabuni haiingii, na maji yangeleta kutu ile ile tuliyoikimbia. Nikakumbuka Mkwiro sifa ikimwagika sakafuni mjomba huifunika kwa majivu. Tukafungua kila kitu, tukachekecha majivu ya vifuu, tukayapasha moto katika sufuria, tukayamimina ndani ya bomba, tukaitikisa fremu mimi na mwenzangu kama tunapepeta mchele. Majivu yalitoka meusi yamelowa. Tukamimina mengine. Mara ya tano yakatoka makavu. Bi Mkunga alikaa pale pale juu ya kigoda akingoja, na Msimamizi akatuma kwake iletwe chai na mahamri. Mara hii matundu niliyaacha wazi, nikayafunika kwa kitambaa chepesi tu, upepo upite.

Harufu ilipungua sana. Kwisha, haikwisha. Alipanda akaondoka, nami nikamsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya minazi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita kufikia baraza. Sikula vizuri siku hizo, mke wangu ni shahidi.

Siku ya baraza, Msimamizi nami tulipandishwa lori tukapelekwa Kikoneni tuijibie baiskeli. Watu walikuwa wamekwisha kusanyika uwanja wa zahanati, wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili, wengine kutoka vijiji vya bara kavu na bakora zao za kuchungia. Bi Mkunga alisimama kando ya mlango wa zahanati, nguo yake nyeupe, mikono ameikunja. Baiskeli ilikuwa nyuma yake. Nilimwamkia, akaitikia kwa kichwa. Nikatafuta katika uso wake nione mambo yamekwendaje, sikuona kitu.

Bwana Afisa alisimama. Alieleza habari za kazi ya serikali mpya, kila mtu atumike pale anapofaa. Kisha akafungua daftari. "Ninauliza ninyi wananchi, mniambie ukweli. Huyu mkunga wenu, ana sifa za kubaki hapa?"

Masikini ya Mungu, alikuwa akiuliza kama mtu anavyouliza ofisini: anafaa, anastahili. Lakini neno alilochagua! Kicheko kikalipuka upande wa wanawake, kikaenea mpaka kwa wazee. Watu waliinama wakashika magoti. Bwana Afisa akageuka huku na huku hajui amekosea wapi. Mimi sikucheka. Niliuona uso wa Bi Mkunga umeinama, nikajua tumekwisha.

Ndipo bibi mmoja alipoinuka katikati ya wanawake. Mwembamba, ana fimbo, leso mbili za buluu. Wenzake wakanyamaza mmoja mmoja. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Ndiye huyo wa Mrima, aliyemfungia mlango."

"Bwana mkubwa," akasema, "sifa anazo. Hata mbwa wangu wanazijua."

Kicheko kikataka kurudi. Akainua fimbo yake, kikakatika.

"Mimi nilimfukuza. Nilisema mtu anayenuka hivi haniingilii nyumba. Wiki iliyopita mkazamwana wangu akashikwa na uchungu alfajiri. Nikafanya nijuayo. Jua likapanda, mtoto hashuki. Nikapapasa, nikakuta amekaa vibaya, ametanguliza mkono. Nimewahi kuyaona hayo mara mbili, bwana, na mara zote mbili tulichimba kaburi. Nikamwambia mwanangu, kimbia ukamwite yule Bi Papa, na kama atakataa kuja usimlaumu, mwambie mimi ndiye mkosa."

Alivuta pumzi. Akaegemea fimbo yake.

"Maili saba. Mvua ilikuwa imenyesha, njia imekatika mara mbili. Mwanangu alikuwa bado njiani kurudi, anakimbia kwa nguvu zote alizonazo, na huyu mkunga amekwisha kumpita. Nilikuwa ndani nimeshika kichwa cha mkazamwana. Sikumwona. Nilisikia mbwa, kisha nikasikia harufu ya papa mlangoni. Nikasema alhamdulillahi, amekuja. Aliingia, hakunitazama kwa kisirani, hakuniuliza habari za juzi. Alinawa, akamgeuza mtoto. Mtoto yuko hai. Mama yuko hai, yule pale chini ya ukuta anamnyonyesha." Akamgeukia Bwana Afisa uso kwa uso. "Alinuka, bwana, lakini alifika. Waliopita hapa kabla yake hawakunuka, wala hawakufika."

Akakaa. Watu wote wakageuka kumtazama yule mama chini ya ukuta. Kitoto kilikuwa kimefunikwa uso kwa kitambaa, miguu tu inaonekana. Bwana Afisa aliitazama miguu ile muda mrefu. Kisha akaziba kalamu yake, akafunga daftari bila ya kuandika kitu.

"Anabaki," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijavisikia hata arusini. Bi Mkunga alikaa chini pale pale mlangoni, kwenye kizingiti, akafunika uso. Sijui nani alinishika mkono, nikagundua ni Msimamizi, naye analia na masikio yake makubwa yale. Nami nililia, sioni aibu kusema.

Kabla hajapanda gari, Bwana Afisa aliniita. "Bwana Sifa. Kuna wakunga wengine watano katika wilaya hii. Nataka baiskeli tano kama hii."

"Ndiyo, bwana."

"Zisinuke."

"Nipe miezi miwili, bwana, zikauke."

"Chukua mitatu."

Baada ya hapo nilitumika miaka mingi. Nilipandishwa kwenda makao ya wilaya, Kwale mlimani, chini ya Mkaguzi wa Magari aliyezidharau baiskeli mpaka siku petroli ilipoadimika. Nikapelekwa Lunga Lunga chini ya Karani Mkuu aliyetaka kila gololi iandikiwe barua. Nikarudi Msambweni, safari hii mimi ndiye Msimamizi wa Karakana, na vijana wangu nikawafumbisha macho kama nilivyofumbishwa. Barabara ya Diani ikatiwa lami, hoteli zikajengwa mpaka Galu, vijana wakaenda huko kukodisha baiskeli nyepesi za rangi rangi kwa wageni. Hazikuwa mbaya. Nilikuwa nikiombwa ushauri, nikawaambia wafungue ndani watazame kutu. Wengine walisikiliza.

Siku niliyostaafu, idara ilinifanyia chai. Palikuwa na keki, viazi vya karai, na viti vimepangwa safu safu. Afisa wa wakati huo, binti mdogo ambaye sidhani alikuwa amezaliwa nilipoanza kazi, alisoma hotuba nzuri. Mstari wa mbele waliniwekea wageni wangu niliowaomba, na kiti kimoja kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha Bi Mkunga. Naye alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu, na alikuwa ameniahidi kwa kiapo kwamba atakuja.

Hotuba ilikuwa katikati nilipomwona mume wake akiingia kwa nyuma, kofia mkononi. Akaja mpaka nilipokaa, akanong'ona sikioni, "Fundi, anakuomba radhi. Alikwisha vaa, tulikuwa tunatoka. Ameitwa Mwangulu, uzazi wa kwanza, mtoto hashuki."

"Amekwendaje?" nikamwuliza.

"Atakwendaje tena? Ameipanda."

Nikatazama saa ya ukutani. Kutoka Kikoneni mpaka Mwangulu njia ilikuwa kavu siku ile, nami niliyakaza magurudumu yale kwa mikono yangu mwezi uliopita. Yule binti alikuwa bado anasoma, nikawa simsikii. Nilikuwa nahesabu vilima. Nilipofikia cha mwisho nikasema, kwa sauti, watu wote wakageuka kunitazama, "Ameshafika."